Bi Safari Anajibu: Benidorm, kijiji cha wando kilichoota minara

Mwezi huu maswali ya Dubai na Guangzhou nimeyaweka kando, yamenichosha. Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kwamba niliwahi kuishi na kufanya kazi Benidorm, mji wa pwani ya Hispania, barua zikamiminika. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana aliyeuliza ni jirani yangu, na jirani humfupishii habari.

*

Bi Safari, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Nungwi, marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi. Dada yangu mdogo anahudumia wazee huko Hispania na amepanga nyumba Benidorm. Anatualika mimi na mama, wiki tatu, mwezi wa Mei. Nimetazama picha: maghorofa mgongoni mwa maghorofa, utadhani Dubai imesukumwa mpaka mchangani. Halafu ananiambia hapo palikuwa kijiji cha wavuvi kama chetu! Mama ana miaka 68, maisha yake yote ni kuchokoa pweza, kukaa kitako hajui. Kuna kilichobaki cha kumwonyesha mtu wa bahari, au nitamfungia mama kwenye roshani wiki tatu?
Mwalimu, Nungwi

Marahaba, mwalimu. Mimi ni wa Mkokotoni, kwa hiyo mama yako nitamzungumza kama ninayemjua.

Kabla ya yote mwandae kwa jambo moja ambalo dada yako pengine ameshalisahau: bahari ile haipwi. Siku yangu ya pili pale niliamka alfajiri nikateremka ufukweni, nikasimama nangoja maji yatoke nione mwamba. Nikangoja mpaka jua likaanza kuchoma. Bibi mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akaniuliza kwa ishara kama nimepoteza kitu. Maji ya Mediterania hupanda na kushuka kiasi cha shibiri hivi, basi. Hakuna bamvua wala maji mafu, hakuna wanawake kutoka na ndoo na michokoo, mwani haulimwi. Kwa mtu ambaye saa yake ni mwezi, hilo linatia kiwewe. Mimi niliishi kule miaka sita na kila usiku nilikuwa natazama juu kuhesabu mwezi ni wa ngapi, kwa faida ya nani sijui.

Pweza, hata hivyo, wapo, tena wana heshima yao. Kwa kuwa hakuna mwamba unaokauka, mvuvi wa kule hamfuati pweza shimoni, humtegea nyumba. Hufunga vyungu vya udongo kwenye kamba ndefu, akaviteremsha chini ya bahari bila chambo chochote. Pweza akikuta chungu kitupu huingia, akakifanya chake. Mvuvi akivuta kamba, bwana hatoki, hung'ang'ania humo humo mpaka ndani ya mashua. Mama atacheka, kisha atanyamaza kidogo akifikiria. Siku hizi vyungu vingi ni vya plastiki, ila vya udongo bado utaviona vimepangwa mapambo kwenye milango ya mikahawa. Na mkienda upande wa kaskazini mpaka Dénia, mtakuta pweza wanakaushwa kwa jua na upepo wakiwa wametandazwa mikono, vilevile kama kwetu. Huchomwa juu ya moto, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa mafuta ya zeituni. Mama atasema wa Nungwi ni mtamu zaidi. Usibishane naye.

Sasa hicho kijiji. Dada yako hakukudanganya. Mwaka 1950 Benidorm ilikuwa na watu kama 3,000. Leo wakazi ni 70,000 hivi, na ikifika Agosti usijisumbue kuhesabu. Lakini wanaume wa kijiji kile walikuwa na ujuzi wao maalumu, nao uliitwa almadraba. Baba yako angenielewa kwa sentensi moja: almadraba ni wando, mtego wetu wa fito wa kunasia samaki, uliokua ukapita kiasi. Mahali pa fito weka kuta za nyavu zilizotiwa nanga, zikitoka karibu na pwani kuelekea kilindini. Jodari wanapoingia Mediterania kutaga, kuanzia Aprili mpaka Juni, hukutana na ukuta. Na jodari, kwa ukubwa wake wote, ana akili ileile ya samaki mdogo kikande ndani ya wando: harudi nyuma, hufuata ukuta kuelekea maji makubwa, akaingia chumba cha kwanza, cha pili, hata akafika cha mwisho ambacho sakafu yake nayo ni wavu. Hapo mashua hukizunguka chumba, watu huinua ile sakafu kwa mikono, na maji yakachemka kwa samaki wanaozidi uzito wa mtu mzima.

Mtu aliyeamua kuta zipite wapi, aliyeujua mkondo na tabia ya samaki, aliitwa arráez. Litamke polepole. Ni neno lilelile la Kiarabu lililotufikia sisi, ila wao walimpa mkuu wa nyavu, sisi tukampa mwenye Ikulu: rais. Na Benidorm ilijulikana kwa kuzaa marais hao. Walikodiwa kusimamia almadraba za Andalusia na za Afrika Kaskazini, wakaondoka na vijana wao kila msimu, kijiji kikabaki cha wanawake, watoto na wazee.

Mwenzangu wa zamu hotelini alikuwa mama wa Kihispania, binti wa mtu wa almadraba, aliyezaliwa nyumba ya pale juu mwambani. Sebuleni kwake hakukuwa na picha hata moja ya ufukwe. Kulikuwa na sindano ya mbao ya kushonea nyavu, imetundikwa kwa msumari pale ambapo majirani zake hutundika msalaba. Alinieleza kwamba almadraba ya mji wenyewe ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye akiwa mdogo, jodari wakiwa wamepungua mno. Wanaume wengi wakachukua vitabu vya ubaharia wakaingia meli za mizigo. Hili watu wengi hawalijui. Hudhani mahoteli yalikuja yakawafukuza wavuvi. Pale samaki walitangulia kuondoka, mahoteli yakakuta nafasi. Kwetu hoteli zimekuja samaki wapo na mafundi bado wanagonga misumari pwani, kwa hiyo mkiwa kule msiharakishe kusema "ndivyo Nungwi itakavyokuwa." Sio hadithi moja.

Ziara yenyewe ipangeni hivi. Siku ya kwanza muamke saa kumi na mbili na nusu, kabla ya miamvuli. Nendeni Mal Pas, kifukwe kidogo kilichobanwa kati ya bandari ndogo na mwamba wa Canfali. Mwamba huo ndio uliokuwa kijiji. Pandeni ngazi mpaka kwenye uwanja wenye uzio mweupe, wanauita Balcón del Mediterráneo. Zamani palikuwa na ngome ya kuwaangalia maharamia wakitoka upande wa Algeria. Mkitazama baharini, kushoto kwenu ni ufukwe wa Levante, kama kilomita mbili. Kulia ni Poniente, kama kilomita tatu. Mashariki na magharibi, ndiyo maana yake, na ni majina ya pepo pia, kama sisi na kusi na kaskazi. Nyuma yenu kuna vichochoro vya mji wa zamani na kanisa la San Jaime lenye makuba ya vigae vya buluu. Vichochoro hivyo mama atavizoea haraka kuliko wewe. Ni vyembamba, vina kivuli, na watu huweka kiti nje ya mlango.

Mbele baharini mtaona kisiwa cha jiwe kimekaa kama kipande cha mkate. Geukeni nchi kavu muutazame mlima Puig Campana, mita 1,406: juu yake kuna pengo la mraba kana kwamba mtu amemega. Wenyeji husema ni jitu Roldán. Mpenzi wake aliambiwa angekufa siku hiyo mwale wa mwisho wa jua utakapomtoka. Roldán akapanda akaukata mlima jua lipitie pale, apate dakika chache zaidi naye, na lile pande likabingirika mpaka baharini likawa kisiwa. Mwenzangu alinisimulia tukiwa tunatandika kitanda ghorofa ya 17, dirisha limeelekea mlima, jua liko palepale penye pengo. Tulichelewa chumba kilichofuata na nikakemewa mimi.

Mashua za kwenda kisiwani zipo, safari ya dakika ishirini hivi. Nendeni mkipenda, kwa mama ni mashua tu, naye ameziona.

Kilichobaki cha uvuvi hasa hamtakikuta Benidorm. Pandeni tramu namba 1 inayoshuka kuelekea Alicante, mteremke Villajoyosa, mji unaofuata tu. Nyumba za mbele ya bahari zimepakwa rangi kali, nyekundu, buluu, manjano. Husemwa ni ili baharia aione yake kutoka mbali. Bandari yake ni ya kazi kwelikweli. Nendeni siku ya kazi, si Jumamosi wala Jumapili, mfike alasiri, muone trola, meli za kukokota nyavu, zikirudi na ndege wamezifunika. Mnada wao utamshangaza mama. Kwetu dikoni mnadi hupandisha bei. Kule bei huanza juu ikawa inateremka, inateremka kwenye kioo, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mwenye samaki. Ukiharakisha umelipa nyingi, ukingoja umekosa. Wanunuzi ni wenye leseni tu, ninyi mtasimama gatini mkiangalia masanduku yakishushwa. Ulizeni kwanza, maana kuna majuma katika mwaka ambapo trola husimamishwa samaki wapumue, kama sisi tunavyofunga mwamba wa pweza.

Chakula: agizeni arroz a banda. Mvuvi aliuza samaki wazuri, akabaki na wenye miiba na sura mbaya. Hao hupikwa supu nzito na pilipili tamu kavu, vitunguu saumu na zafarani, kisha supu hiyo ndiyo inayopikiwa mchele. Wali huja peke yake na samaki sahani yake. A banda kwa lugha ya Kivalencia ni kando. Mama akionja tu atajua chakula hiki kimetoka jikoni kwa maskini mwenye akili.

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ubalozi wa Hispania uko Dar es Salaam, na ombi unaweza kulipeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Kwa kuwa mtalala kwa dada, yeye ndiye aende polisi ya kule kuomba carta de invitación, barua rasmi ya mwaliko. Barua ya kuandika mwenyewe mezani haitoshi, na hapo ndipo Wazanzibari wengi hukwama. Aanze leo. Kutoka uwanja wa ndege wa Alicante kuna basi la moja kwa moja mpaka Benidorm, chini ya saa moja.

*

Bi Safari, naolewa Desemba, inshallah. Mchumba wangu anataka fungate tuende hiyo Benidorm yako kwa kuwa ana binamu huko. Mimi ni mtu wa buibui. Picha nilizoona ni watu nusu uchi. Nitafukuzwa ufukweni? Ama nitakodolewa macho siku nzima kama kioja?
Bibi harusi mtarajiwa, Kisauni, Mombasa

Hongera mwanangu, Mungu awajaalie. Nikupe kisa kwanza.

Hispania ya miaka ya 1950 ilikuwa ya dikteta Jenerali Franco na ya maaskofu. Mwanamke akivaa bikini ufukweni alitozwa faini. Meya wa Benidorm, Pedro Zaragoza, kijana aliyeshika mji mwaka 1950 akiwa na miaka 28, aliona wageni kutoka kaskazini hawatakuja kwa masharti hayo, akaruhusu. Viongozi wa kanisa wakataka kumtenga. Inasimuliwa kwamba alipanda pikipiki yake ndogo ya Vespa, akaendesha kutwa nzima mpaka Madrid kumwona Franco mwenyewe, akarudi ameshinda. Yaani ni mji uliowahi kugombana na dola juu ya mwanamke avae nini mchangani. Baada ya ugomvi huo sidhani kama kuna mtu kule ana hamu ya kuanza mwingine na buibui lako.

Sheria ya nchi nzima ya kukukataza kuvaa nguo ndefu ufukweni hakuna. Kioja? Dakika kumi za kwanza, labda. Kisha atapita mzee wa Kiingereza mwekundu kama kamba wa kuchemsha na wote watamwangalia yeye. Isitoshe, kuna feri kati ya Alicante na Oran, na Wamorocco na Waalgeria wanaishi mkoa ule, kwa hiyo wanawake wenye mitandio si wageni machoni. Bwawa la hoteli ni habari nyingine: kila hoteli ina kanuni zake za nguo za kuogelea. Mchumba aulize kwa maandishi kabla ya kulipa, na jibu alitunze.

Maji ya Desemba na Januari, nikuonye, ni baridi ya kukata mifupa. Februari hushuka mpaka nyuzi 14 hivi. Mtatembea ufukweni na makoti mmeshikana mikono, jambo ambalo kwa fungate si baya. Mtakuta pia marundo ya majani ya kahawia kama mkeka uliochanika. Ni nyasi za baharini, posidonia, zikifa husukumwa pwani. Si uchafu.

Kula samaki kwa raha zako. Nyama nunueni kwa wachinjaji wenye kibao cha halal. Mkahawani sema "sin cerdo", bila nguruwe, na "sin vino", bila mvinyo. Mtego uko kwenye vitu vitamu: manteca mara nyingi ni mafuta ya nguruwe, nayo hutiwa kwenye biskuti ambazo hata paka angezidhania za siagi. Kunyweni horchata. Ni maziwa meupe, matamu, baridi, na hutengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea ambao ni ndugu wa damu wa ndago. Ndiyo, ndago hii tunayoilaani shambani. Karibu na Valencia wanailima kwa mistari na kuinywesha watalii.

*

Bi Safari, nimesoma sifa zako. Umekaa wapi hata ukawa shabiki wa zege? Kijiji cha watu kimeuzwa, kikawa pango la walevi wa Kiingereza na majengo ya kuziba mbingu, na wewe unawaelekeza watu huko. Sisi wenye miji ya mawe tunajua uzuri ni nini.
Mzee wa Shela, Lamu

Shikamoo mzee wangu. Nimepigwa, na sehemu ya kipigo nimeistahili.

Walevi wapo. Wana mtaa wao upande wa Rincón de Loix, baa mlango kwa mlango, na matapishi yao nimeyafuta kwa mikono hii. Hoteli niliyofanyia kazi, sitaitaja, ilinipa vyumba 22 kwa siku moja ya Agosti, kwa saa ambazo hata kwa vyumba 15 zisingetosha, na kibarua chetu kikahamishiwa kwa wakala aliyelipa pungufu kwa kazi ileile. Wasafisha vyumba wa Hispania wamejiunga, wanajiita las Kellys, kutokana na maneno "las que limpian", wanaosafisha, na Benidorm ni moja ya ngome zao. Mgongo wangu ni mwanachama mpaka leo. Kwa hiyo mtu asinihesabu katika wanaofikiri mahoteli ni neema.

Majengo nayo mabaya yapo, mazuri machache. Gran Hotel Bali, uliofunguliwa 2002, una mita 186. Ukiutazama kutoka chini shingo inauma na moyo haupati kitu. Lakini kuna hesabu nyuma yake. Mji ulipitisha ramani yake ya mipango mwaka 1956, na baadaye ukaondoa ukomo wa urefu: jenga juu utakavyo, ila uache ardhi wazi pembeni. Matokeo yake watu wale wote wamekaa eneo dogo, wanatembea kwa miguu, na mlima wa Serra Gelada unaoanza pale ufukwe unapoishia umebaki mlima. Fika miji mingine ya pwani ileile iliyochukia minara: vijumba vya bustani na bwawa vimetambaa kilima juu ya kilima, kila kimoja na ukuta wake na gari lake.

Na kilichonishika mimi ni mchanga. Kwa sheria ya pwani ya mwaka 1988 ufukwe wa Hispania ni mali ya umma. Hoteli iwe ya nyota ngapi, haimiliki hata mkeka mmoja wa mchanga ule. Pale Levante, saa moja asubuhi, niliwaona wazee wa pensheni wakishuka na viti vya kukunja na miamvuli, wanaikita mstari wa mbele, wanarudi kunywa kahawa. Wengi wao huletwa majira ya baridi na mpango wa serikali, IMSERSO, tangu 1985, kwa bei ambayo mwashi mstaafu anaimudu. Nilikuwa na nusu saa ya mapumziko saa saba mchana. Nilikuwa navua viatu vya kazi, na sare yangu ya usafi mwilini, nakaa kati ya daktari wa Madrid na fundi bomba wa Leeds, naweka miguu majini. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Nikarudi nyumbani. Wiki ya pili nikapita ufukweni, mahali ambapo bibi yangu alikuwa akifukia makumbi ya nazi ya kutengenezea kamba. Kijana mwenye rungu na redio akanijia, adabu zote: "Mama, unakwenda wapi?" Alikuwa mtoto wa jirani, hata jina langu analijua.

Mji wa Shela naupenda, mzee, na wewe wajua nyumba zake nzuri siku hizi funguo zake hukaa nchi gani.

*

Bi Safari, sisi tuko Maskati, asili yetu Pemba. Agosti watoto wako likizo na hapa joto halisemeki. Benidorm na watoto watatu, unasemaje? Kwa kifupi tafadhali.
Mama wa watatu, Maskati

Kwa kifupi, bibi, Agosti usiende. Maji yanakuwa nyuzi 26, ni kweli, watoto watafurahi, lakini Wahispania wote wana likizo mwezi huohuo, na kutafuta mtoto aliyepotea Levante saa sita mchana ni kutafuta punje kwenye gunia. Kama shule inaruhusu, mwisho wa Juni.

Mwisho wa Julai nao una raha yake kwa kuwa Villajoyosa hufanya sherehe za Moros y Cristianos, yaani Wamori (Waislamu wa Afrika Kaskazini) na Wakristo, kukumbuka shambulio la maharamia la mwaka 1538. Alfajiri "Wamori" hutua ufukweni kwa mashua, baruti zinalia, vilemba na majambia, na mwisho wake, watoto waambiwe mapema wasilie, hushindwa kila mwaka. Wanaogombea kuvaa vilemba ni wengi, maana nguo za Wamori ndizo nzuri zaidi. Sherehe ya Benidorm yenyewe ni Novemba, ya chombo kilichookotwa baharini mwaka 1740 kikachomwa moto kwa hofu ya tauni, na sanamu ya Mariamu iliyokuwa ndani, wasemavyo wao, ikabaki haijaungua. Watoto huigiza kisa hicho mchangani. Mji mzima wa minara, na sikukuu yake kubwa bado ni ya mashua.

Chukueni chumba upande wa Poniente, ghorofa ya kati. Juu sana upepo ukivuma hupiga milango usiku kucha, na asubuhi watoto wote watatu hukutwa kitanda kimoja na mama yao. Vitanda hivyo nimevitandika mimi.